Wanawake wa Cullercoats

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, za kwako na za watoto. Hapa wote wazima.

Ile picha niliyokutumia usiitazame kwenye simu tu. Ifungue kwenye kompyuta uikuze. Ni ya Winslow Homer, Mmarekani wa Boston, aliichora kwa rangi za maji 1882, inaitwa Mending the Nets, yaani Kushona Nyavu. Mwaka mmoja kabla alikuwa amehamia Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Wanaume wakiwa baharini, kina mama ndio waliotia chambo kwenye ndoana, wakashona nyavu, wakabeba samaki kwa vikapu kwenda kuuza. Homer akawakalia hao kuwachora.

Wawili wameketi kwenye benchi, mmoja na wavu wake, mwenzake na soksi anayofuma. Nyuma yao rangi ni hafifu, kwa hiyo miili yao inasimama mbele yako kama imechongwa. Sioni kuwahurumia hapo, naona heshima kwa kazi. Wachoraji wengi wa zama zile waliwapamba maskini mpaka wakawa wanasesere. Huyu hakufanya hivyo, na ndiyo maana nampenda.

Sasa twende kwenye rangi, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Rangi ya maji ni nyepesi: mwanga hupita ndani yake, hufika kwenye karatasi nyeupe, ndipo unarudi machoni. Kila tabaka unaloongeza linaufifisha. Wa rangi za mafuta anaweza kutia nyeupe mwishoni kabisa. Wa rangi za maji lazima ajue mapema ni wapi brashi isiguse. Homer alianza na penseli, akapaka rangi nyepesi juu yake, kisha hapa na pale akatia gouache, ile rangi nzito isiyopitisha mwanga. Katika kazi zake nyingine aliifuta rangi ikiwa bado mbichi, au akaikwangua kwa kisu ikishakauka, weupe wa karatasi ukarudi. Ujasiri ulioje!

Ndiyo maana nakusihi kuhusu ile kazi yako ya wanawake wanaosuka ukili barazani. Usiutie ukili rangi nyeupe. Uache uwe karatasi tupu, uzungushie kivuli cha ukuta na kanga zao. Loweka ukuta kwanza, uinamishe ubao, rangi ishuke yenyewe.

Nipigie picha kabla hujaupaka ukuta tabaka la pili.

Wako akupendaye,
Shogayo