Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya: Futa agizo lile

Mheshimiwa,

Salamu na heshima. Barua zangu za ofisini hazijajibiwa, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Wiki iliyopita mkaguzi wako aliwakuta wanafunzi wangu wa kidato cha pili uani wakirusha sarafu na kuandika matokeo. Aliwafukuzia darasani, akaandika kwamba muda wa masomo unachezewa, akaagiza tukaririshe fomula na mitihani iliyopita.

Mheshimiwa, ule haukuwa mchezo. Karibu darasa zima lilikuwa limeapa kwamba ukirusha sarafu ya shilingi 100 mara 10, upande wa ng'ombe utatokea mara 5. Kumbe 5 kamili hupatikana katika takriban robo tu ya majaribio kama hayo. Waliona 3, wakaona 7, wakabishana, wakaishuku sarafu yenyewe. Tulipojumlisha marusho ya darasa zima, ng'ombe akakaribia nusu. Ndipo msichana mmoja akauliza: je, kifuniko cha soda nacho ni nusu kwa nusu? Swali hilo halijibiwi na fomula yoyote ya ubaoni. Kifuniko lazima kirushwe, tena mara nyingi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kukirusha mkaguzi alipotokea.

Kukokotoa wanajua. Mpe mmoja wao mishahara ya watu watano: wawili laki 2, wawili laki 3, mmoja milioni 5. Atakuandikia wastani wa milioni 1.2 bila kushtuka kwamba wanne kati yao hawafikii hata theluthi yake. Mwingine alipata uwezekano wa 1.4, ilhali uwezekano hauzidi 1 kamwe, akaupigia mstari kwa rula, akafungua ukurasa unaofuata.

Mtaala mpya ulipoanza mwaka 2020 ulituahidi, kwa kinywa chako, vifaa na uhuru wa kufundisha kwa vitendo. Vifaa havikuja. Sarafu tukatoa mifukoni mwetu, vifuniko tukaokota madukani. Sasa hata uhuru unatwaliwa! Nadhani ni hofu ya matokeo ya mtihani wa taifa, lakini mtihani huo wenyewe, tangu 2024, unamtaka mwanafunzi atumie alichojifunza katika mambo ya maisha. Atakitumiaje kitu asichokielewa?

Siombi tena dadu wala vitabu. Futa agizo lile tu, Mheshimiwa. Lifute kabla ya Jumatano. Ndiyo siku ya kipindi chetu cha takwimu, na vifuniko bado viko kabatini.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, West Nile, Uganda