Alichokifuata Odundo Nigeria kingali Ilesi

Kwa Mhariri,

Mimi ni mfinyanzi. Vyungu vyangu vya maua huvipanga juu ya magunia kando ya Ngong Road, karibu na maseremala, na mwaka huu natimiza miaka 31 nikiuza pale pale. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu mwezi uliopita.

Mjukuu wangu yuko Gredi ya 7. Walipewa kazi ya kufinyanga chombo kimoja cha nyumbani, na nafikiri nilifurahi kuliko yeye. Nilimkatia bonge la udongo niliokuwa nimeukanda vizuri, usio na kijiwe hata kimoja, nikaufunga kwa karatasi ya nailoni usikauke, akaenda nao shuleni. Jioni alirudi nao vile vile, hata fundo la karatasi halikufunguliwa. Mwalimu alikuwa amesema udongo unachafua madawati na sare, kila mtoto anunue plastisini ya rangi dukani.

Sikumkasirikia mwalimu. Darasa lake limejaa watoto na bomba la maji uwanjani ni moja. Kilichoniuma ni swali la mtoto. Aliniuliza, "Nyanya, kwani kazi yako ni ya uchafu?"

Usiku ule nilimketisha mezani nikamsimulia habari za mfinyanzi Magdalene Odundo, naye akanisikiliza mpaka chai ikapoa. Naamini watoto wengi wa Nairobi hawajawahi kusikia jina hilo, na wazazi wao pia.

Odundo alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1950. Masomo ya mwanzo aliyapata India na humu nchini, kisha akasomea uchoraji wa kibiashara Kabete. Mwaka wa 1971 alikwenda Uingereza kuendeleza kazi hiyo hiyo ya michoro, na ni huko Cambridge ambako udongo ulimshika, asiuache tena hadi leo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate polepole. Mwaka wa 1974, akiwa tayari ameuonja ufinyanzi wa darasani kule Uingereza, Odundo alifunga safari kuja Afrika kujifunza zaidi. Alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew. Abuja hiyo si mji mkuu wa sasa, bali ni mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Pale palikuwa na wanawake wa Kigwari waliofinyanga mitungi mikubwa kwa mikono mitupu, bila gurudumu, na maarufu kuliko wote alikuwa Ladi Kwali. Mama huyo aliujua udongo tangu utotoni kijijini kwao. Alipofinyanga mtungi mkubwa, mtungi ulikaa chini umetulia na yeye ndiye aliyeuzunguka, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini. Hivyo ndivyo alivyofinyanga mama yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu kutoka Kakamega. Anayepita pale huona vyungu vimepangwa barabarani kama watu wanaongoja gari. Mama hakuwahi kuzungusha chungu, alikizunguka yeye. Alikianzia kwenye kitako cha chungu kilichovunjika, akapandisha ukuta kwa mikunjo ya udongo minene kama kidole gumba, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, na akikaribia shingoni alinyamaza kabisa. Usingemsemesha akiwa shingoni. Shingo ikiwahi kukauka kabla ya mdomo, chungu kitapasuka tu, hata ukibembeleze vipi. Tuliokuwa watoto tulitumwa mtoni kutafuta kokoto laini za kusugulia, na aliyeleta nzuri alipewa kiazi cha kwanza kutoka majivuni.

Odundo naye hukwangua kwa vipande vya kibuyu na husugua kwa mawe laini. Chungu chake huanza na bonge moja ambalo hulitoboa katikati na kuliinua kwa mikono, kisha huongeza mikunjo juu yake hadi kifikie urefu autakao. Kikikauka kidogo hukikwangua, hukipaka uji wa udongo uliochujwa ukawa laini kama malai, hukisugua, hukipaka tena, hukisugua tena. Hakipakwi ile rangi ya kioo mnayoiona kwenye vikombe na sahani. Mng'ao wake wote umetokana na kusuguliwa.

Halafu kuna moto. Chungu kikichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo hugeuka rangi ya machungwa iliyoiva. Kikirudishwa motoni mara ya pili, kimefungiwa pamoja na kitu cha kutoa moshi na hewa imezuiwa, moto huila ile hewa iliyo ndani ya udongo wenyewe, moshi nao hupenya, na chungu hutoka cheusi. Odundo alikwenda pia New Mexico, Marekani, kijiji cha San Ildefonso, alikokuwa Maria Martinez, bibi wa Kipueblo, wenyeji wa asili wa huko, aliyesifika kwa vyungu vyeusi. Wapueblo hao hufunika moto kwa samadi iliyosagwa.

Nilijaribu mwenyewe. Nilichukua chungu changu kidogo, urefu wa shubiri mbili, kilichokuwa kimekwisha kuchomwa kikawa chekundu. Nikakitia ndani ya debe la rangi, nikakizungushia vumbi la mbao nililoomba kwa seremala jirani, nikafunika na kuziba ukingo wa kifuniko kwa udongo mbichi. Nikalizika debe kwenye moto wa kuni kuanzia saa kumi jioni. Majirani walilalamika kwa moshi na nikawaomba radhi. Sikulifungua hadi asubuhi, kwa maana ukikifungua kingali moto hewa hukirudisha kwenye wekundu mbele ya macho yako.

Chungu kilitoka cheusi begani na shingoni, cheusi cha kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Upande mmoja wa tumbo ulibaki rangi ya machungwa, na rangi hizo mbili hazikukutana kwa mstari. Ziliingiliana taratibu, kama embe dodo linapoanza kuivia upande mmoja. Nilipolikagua debe niliona mahali ambapo udongo wa kuzibia ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama ukucha. Hewa ilipitia hapo. Odundo anavyo vyungu vilivyotoka na madoa ya namna hiyo, cheusi na machungwa katika mwili mmoja. Mimi nilikipata kimoja kwa bahati baada ya usiku mzima, na yeye ameuzoea moto huo kwa zaidi ya miaka 40. Chungu hicho sikiuzi. Kiko juu ya kabati langu.

Watu huandika kwamba vyungu vyake vinafanana na miili ya wanawake: shingo ndefu, tumbo lililojaa, mgongo uliojipinda kidogo, vinundu kama chuchu au kitovu. Ni kweli, na ni vizuri mno. Lakini kwa anayesema Kiswahili hilo si la kushangaza. Sisi tumeviita hivyo siku zote. Chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Odundo ameyachukua maneno hayo kama yalivyo akayapa umbo hadi chungu kinasimama kama mtu anayetaka kusema jambo.

Mengine nitayataja haraka. Alihitimu chuo cha sanaa cha Farnham mwaka wa 1976, na mwaka wa 1982 akamaliza shahada ya pili katika Royal College of Art, London. Akafundisha miaka mingi na kuwa profesa. Mwaka wa 2018 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu kule Uingereza, na mwaka wa 2020 akapewa cheo cha heshima cha Dame. Vyungu vyake viko katika makumbusho ya British Museum, London, na ya Metropolitan, New York. Hayo ni makubwa na ninampongeza kwa moyo wote.

Lakini Mhariri, hebu tuitazame ile safari ya 1974. Mtoto wa Nairobi alisomea sanaa Kabete, akapanda ndege hadi Uingereza, na kutoka huko ndipo akaelekea Nigeria kuketi na mama anayefinyanga kwa mkono. Wakati huo huo, magharibi mwa nchi hii, kulikuwa na mamia ya akina mama waliokuwa na ujuzi wa aina hiyo hiyo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakuna shule iliyomwita. Hakuna chuo kilichompelekea mwanafunzi hata mmoja. Alifariki akiwa ametufundisha sisi wanawe wawili tu, na ndugu yangu aliacha kazi hii zamani.

Simlaumu Odundo hata chembe. Alikwenda palipokuwa na mlango uliofunguliwa. Nigeria waliufungua: Ladi Kwali hakuwa na cheti cha shule, lakini aliajiriwa kituoni, akapelekwa kuonyesha kazi yake ng'ambo, na mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Picha yake imo kwenye noti ya naira 20, ameinama akifinyanga mtungi. Ningependa kila ofisa wa elimu wa nchi hii aishike noti hiyo mkononi kwa dakika moja.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika chuo kimoja cha humu jijini kuuliza kama wangehitaji mtu wa kuwafundisha vijana kufinyanga kwa mkono. Nilibeba vyungu vitatu kwenye kikapu. Karani wa mapokezi aliuliza cheti. Nikamwambia cheti changu ni hivi, nikaviweka mezani. Alivitazama kwa adabu, akasema ni vizuri, akanirudishia. Hapakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyoagizwa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi kula gaeni sijali. Ninachojali ni kwamba nina miaka 63 na mikono imeanza kufa ganzi asubuhi.

Sasa shule za sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, zina mkondo wa sanaa na michezo. Watoto wetu watachagua sanaa kama wanavyochagua sayansi, jambo ambalo sisi hatukuliota. Ombi langu ni hili. Shule zinazofundisha sanaa ziruhusiwe kuwaita akina mama wafinyanzi kutoka Ilesi na kwingineko, wakae na wanafunzi muhula mmoja, walipwe kama walimu wanavyolipwa, bila kuulizwa karatasi. Wengi wao wamezeeka. Kila masika nikienda nyumbani nakuta mmoja amepungua. Udongo huwahiwa ungali maji.

Na Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill nayaomba jambo moja. Mwaka wa 2019 kule Wakefield, Uingereza, Odundo alifanyiwa maonyesho ambamo vyungu vyake zaidi ya 50 viliwekwa pamoja na vyombo vya kale na vya sasa vya mataifa mbalimbali, vile vilivyomfunza na kumvutia. Tufanyiwe hivyo hapa. Chungu cha Odundo kiwekwe meza moja na mtungi wa maji wa Kiluhya na mtungi wa Kijaluo, na mbele yao aketi mama mmoja kutoka Ilesi akifinyanga watoto wakimtazama. Mimi sijawahi kukiona chungu cha Odundo kwa macho yangu, ni kwenye picha tu, na nauli ya kwenda London sina. Ya kwenda Museum Hill ninayo.

Kuhusu mjukuu wangu, alilifungua lile bonge la udongo usiku ule ule. Amefinyanga kijungu chenye shingo iliyolala kidogo upande wa kushoto. Nilitaka kuinyoosha akanizuia, akasema anakitaka kionekane kinageuka kumtazama mtu. Kinakauka kivulini nyuma ya mlango, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule hukipapasa tumboni kujua kama bado ni baridi. Kikiacha kuwa baridi maji yamekwisha, na tutakichoma. Nimemtuma amwalike mwalimu wake siku hiyo.

Mfinyanzi wa kike,
Ngong Road, Nairobi