Wito wa Harambee: Turudishe Mafunjo ya Yala

Kwa waumini wenzetu na wazaliwa wote wa Siaya na Busia walio mbali na nyumbani,

Bwana asifiwe. Tunaomba mchango wenu ili turudishe mafunjo, yale majani marefu ya majini, kwenye ukingo wa kinamasi cha Yala, na ni haki tuanze kwa kukiri kwamba ukingo huo tuliufyeka sisi wenyewe. Shamba la kanisa lilisogezwa msimu baada ya msimu hadi majini, kwa kuwa wengi wetu tuliona kinamasi kuwa ardhi iliyolala bure. Mahindi yalistawi mara mbili tatu, kisha mto ukafurika ukayalaza yote matopeni.

Mto Yala hupita humo kabla ya kuingia Ziwa Victoria, na mafunjo ndiyo huupunguza kasi na kuunyang'anya udongo uliobeba. Sehemu ya kinamasi imekaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960. Pembeni mwake limo Ziwa Kanyaboli, ambamo ngege, samaki wa asili wa huku, bado anavuliwa, ilhali katika ziwa kubwa alikaribia kutoweka baada ya mbuta, samaki mkubwa alaye samaki wenzake, kuletwa miaka ya 1950. Mbuta huhitaji oksijeni nyingi, na maji yaliyo chini ya mafunjo yana oksijeni haba. Hivyo ngome ya ngege ni majani tu. Nzohe, swala wa kinamasini, naye hujificha humo, na anayedhani ni hadithi ya wazee aje alfajiri tumwonyeshe nyayo.

Mafunjo yakikatwa kwa panga, shina la chini hubaki likachipua tena, na ndivyo akina mama wasukaji wa mikeka wanavyovuna. Yakichomwa wakati wa kiangazi, moto huzama kwenye mboji ukaunguza mizizi, na moshi hufuka siku kadhaa baada ya miali kuzimika. Ukingo wetu tuliuchoma hivyo, kwa hiyo yatupasa kuchimba mashina mahali yalipo mengi, kuyabeba kwa mtumbwi na kuyapandikiza kwa mkono.

Fedha zitalipia mitumbwi, ujira wa vijana na banda la kusukia mikeka. Baraza la kanisa limekwisha kuamua kwamba ukingo huo hautalimwa tena. Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada; mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, na hesabu zitasomwa mbele ya waumini wote. Asiye na fedha alete panga, au siku mbili za kazi majini.