Barua kutoka Kimara kuhusu Barabara ya Morogoro

Kimara, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, na natumaini nawe na familia mko salama.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na swali lako kuhusu Barabara ya Morogoro limenikaa moyoni. Wewe uliondoka wakati lami kati ya Kimara na Mbezi ilikuwa nyembamba, magari yakipishana kwa shida, na sasa unasikia habari za njia nane, nyumba zilizobomolewa na stendi iliyohamishwa. Nitakueleza kadiri ninavyofahamu, lakini itanilazimu kuanzia mbali kidogo, kwa sababu yaliyotokea mwaka 2017 yalikuwa na mizizi katika sheria ya mwaka 1932.

Zamani msafiri wa Morogoro alitegemea zaidi reli, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Ng'ambo ya bonde la Msimbazi, Waingereza walipanga Magomeni kuwa makazi ya Waafrika, na huko ndiko Mwalimu Nyerere alikokwenda kuishi baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU kilichopigania Uhuru. Manzese haikupangwa na mtu, ilijaa yenyewe. Huku kwetu Kimara kulikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, na hata baada ya Uhuru wenyeji wa mjini walikuhesabu kuwa ni shamba.

Jambo lililoipa barabara hii uzito wake lilitokea mbali na Dar es Salaam. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo ilikuwa ikipitisha bidhaa zake kusini kupitia nchi hiyo, ikalazimika kutafuta bahari nyingine. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Zambia, katika njia iliyokuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa, iliyogeuka tope masika, na iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilipokamilika mwaka 1968 lilipunguza mzigo wa mafuta, na barabara yenyewe ikatiwa lami hadi mpakani katika miaka iliyofuata. Tangu hapo barabara inayopita mbele ya nyumba zetu imekuwa na kazi mbili zisizopatana: ni njia ya mataifa jirani kuifikia bandari, na ni njia ya mtoto wa Kimara kwenda shule. Kila ugomvi ulioikumba barabara hii umetokana na hilo.

Mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa karibu na Ubungo, na watu wakafuata kazi. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, mtu aliweza kukaa Kimara na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, na mashamba yakaanza kukatwa viwanja. Maji yalipita hapa hapa kutoka Ruvu Juu kwenda kwenye matangi ya Kimara, ingawa sisi tuliokaa chini ya matangi hayo tuliendelea kununua maji ya maboza kwa miaka mingi, jambo ambalo bado linaniuma.

Sasa nifike kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi inayotengwa kando ya barabara isijengwe. Kwa barabara kuu nyingi, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa kipande chetu, kuelekea Kiluvya, serikali ilisimamia kipimo cha mita 121.5 kila upande, ikitegemea sheria ya mwaka 1932. Ukijumlisha ni mita 243, upana unaozidi urefu wa viwanja viwili vya mpira. Ndani ya upana huo palikuwa na nyumba, maduka, nyumba za ibada na makaburi. Wapo waliosema walikaa pale tangu enzi za vijiji vya Ujamaa. Wapo walionunua kwa hati ya serikali ya mtaa, wakaunganishiwa umeme, wakalipa kodi ya majengo.

Mwaka 2017 ziliandikwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye kuta, kisha magreda yakaja, na zaidi ya nyumba 1,000 zikaondoka bila fidia. Watu walipanda wenyewe juu ya paa kung'oa mabati kabla ya zamu yao, na baada ya greda kupita vijana waligonga zege kwa nyundo ili wapate nondo za kuuza kwa kilo. Mimi naamini barabara pana ilihitajika. Foleni ya Mbezi ilikuwa ikila saa tatu za siku ya mtu. Lakini sheria iliyonyamazishwa kwa miongo mingi, huku maofisa wakigonga mihuri kwenye hati za mauziano, haikupaswa kuamshwa siku moja na kumwangukia mnunuzi peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 2018 ujenzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulizinduliwa. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake, nao ulikuwa umekwishaanza tarehe 10 Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na pamoja na msongamano wake na mafuriko ya Jangwani, ulituonjesha kwa mara ya kwanza safari ya kwenda mjini isiyotegemea foleni. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alifungua barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi John Kijazi aliyekuwa amefariki wiki moja kabla, na siku hiyo hiyo akafungua stendi kuu mpya ya mabasi Mbezi Luis, iliyochukua nafasi ya ile ya Ubungo.

Leo malori yanapita kwa kasi, na biashara zimerudi nyuma ya mpaka mpya. Kinachonisumbua ni mwenye miguu. Kati ya kituo na kituo bibi mwenye kikapu anavuka njia nane kwa kubahatisha, kwa kuwa kivuko cha juu kiko mbali, nami ningependa wahandisi wangelipima hilo kwa uzito ule ule walioupimia lori.

Ukija Desemba, basi halitakushusha Ubungo. Shuka Mbezi Luis, unipigie simu kabla hujatoka ndani ya stendi, nami nitakuja kukuchukua, kwa sababu kwa alama ulizozizoea hutaitambua njia ya kuingilia kwetu. Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula kisamvu.

Ni mimi rafiki yako wa Kimara.