Osheni chumvi kabla ya kupaka rangi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye pikapu wa pwani, hasa wanaobeba samaki. Maji ya barafu yanayochuruzika kwenye matenga kutoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, yana chumvi, nayo hupenya matundu ya bodi yakatuama juu ya chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo chuma hakikauki hata kiangazi. Kutu huanzia hapo, chini ya bodi, pasipochunguliwa na mtu.

Kinachouma ni tiba inayotolewa. Gari linapakwa lami au rangi nyeusi juu ya kutu ile ile, na mwenyewe anaondoka ameridhika. Lami ikikauka hupasuka, maji yakaingia kwenye ufa na kukosa pa kutokea. Baadaye ukiichokoa kwa bisibisi inabanduka kama ganda la muhogo, na chini yake chuma kimekuwa unga. Oili chafu, ambayo wengine hupaka badala ya lami, nayo husombwa na mvua, hulegeza mpira wa bushi, na ikigusa breki ni hatari.

Kwanza gongagonga chesesi kwa nyundo ndogo, hasa kwenye maungio na mabano ya springi. Chuma kizima hulia. Kikitoa sauti nzito au kikabonyea, hiyo ni kazi ya mchomeleaji. Kikilia, kutu iko juu tu na siku mbili tatu zinaitosha.

Osha kwa sabuni na maji ya bomba, na ndani ya chesesi pia kupitia matundu yake. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike; visima vya namna hiyo ni vingi huku kwetu. Ikikauka kabisa, kwangua kwa brashi ya waya. Ya kufunga kwenye grinda ina kasi, lakini vaa miwani maana nyaya huchomoka, na isikaribie tangi wala mipira ya mafuta. Grinda pia hung'arisha kutu ikaonekana kama chuma safi, kwa hiyo malizia kwa msasa namba 80.

Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa yenye asidi ya fosforiki, ukiwa na glovu. Soma maelezo ya mkebe, kwani nyingine husuuzwa na nyingine hazisuuzwi. Kisha praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia kutu, mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili, ndipo rangi mikono miwili. Kingo zitangulizwe kwa brashi, maana rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali ikabaki nyembamba. Praima ya zinki inataka chuma kitupu. Juu ya kutu ni fedha ya bure. Ndani ya chesesi pulizia nta kwa mrija, na matundu ya kutolea maji yasizibwe.

Bampa, ngazi za pembeni, keria na ndoano ya trela zifunguliwe. Kutu yake hujificha pale chuma kinapolalia chuma, na ukipaka vikiwa vimefungwa hujafika. Paka pande zote mbili. Keria ya alumini itengwe na chuma kwa washa za plastiki, la sivyo maji ya chumvi yataila alumini. Meno ya boli yapakwe grisi kabla ya kufunga. Yakiachwa makavu, mwakani boli zitakatwa kwa tindo.

Fundi bodi,
Dar es Salaam