Malalamiko: dhahabu ya Kilwa tuliyolipia kuiona Lisbon tukaishia getini

Kilwa Masoko

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Ulaya,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA SIKU YA BELÉM, SAFARI YA LISBON

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa niaba ya kikundi cha walimu wastaafu wa Kilwa tuliosafiri na kampuni yenu kwenda Ureno. Siku ya mwisho ya safari, ambayo katika kipeperushi chenu mmeiita "Belém na Dhahabu ya Kilwa", mliipanga Jumatatu. Jumatatu Monasteri ya Jerónimos, iliyoko Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto, hufungwa. Mnara wa Belém hufungwa. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, ambako dhahabu yenyewe imewekwa, nayo hufungwa. Hapakuwa na mgomo, sikukuu wala dharura yoyote. Ndivyo ilivyo kila wiki, na kila anayeuza safari za Lisbon anapaswa kulijua hilo kabla ya kupeleka kipeperushi kwa mpiga chapa.

Naomba nieleze kwa nini hatuwezi kulipokea jambo hili kama mvua iliyoharibu matembezi.

Juu ya jalada la kipeperushi chenu kuna picha ya Custódia de Belém. Picha hiyo ndiyo iliyotuuzia safari. Ni chombo cha dhahabu cha kuwekea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na kazi yake inahusishwa na sonara Gil Vicente. Katikati yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wamepakwa rangi za kung'aa. Kwenye kitako chake kuna maandishi ya Kireno yanayosema kuwa mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la kwetu limo humo, limechongwa katika dhahabu iliyotoka kwetu.

Habari hiyo tumeifundisha miaka yote ya kazi tukiwa na chaki na ubao tu. Vasco da Gama aliporudi pwani yetu mwaka 1502 na meli zenye mizinga, alimlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akubali kulipa dhahabu, la sivyo mji ungepigwa. Mwaka uliofuata akafika nayo Lisbon. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na meli nyingine nyingi, Kilwa ikavamiwa na kuporwa, kisha ikafuata Mombasa. Mwanafunzi akiuliza dhahabu ile ilikwenda wapi, jibu tunalo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona kwa macho. Kisiwa chenyewe tunakiona kila tukishuka gatini. Kwa hiyo tulichanga. Wapo waliotoa sehemu ya kiinua mgongo chao, na wapo ambao watoto wao waliwachangia wakidhani wazazi wamechanganyikiwa.

Ofisa wenu wa mauzo aliyajua yote haya. Alikuja kwenye mkutano wetu, akaonyesha picha ile ile, akasema, "Wazee wangu, mtasimama mbele yake." Tulimpigia makofi.

Sasa Jumatatu yenyewe. Basi dogo lilitushusha asubuhi mbele ya Jerónimos, na mwongoza watalii wenu akatuambia tupige picha kwa nje kwa sababu ndani "leo hawapokei wageni". Kwa nje tuliliangalia kweli kweli, maana hapakuwa na la kufanya. Ni jengo kubwa la chokaa lililonakshiwa kwa mawe yaliyochongwa kama kamba za meli. Lilianza kujengwa mwaka 1501, na sehemu ya gharama zake ilitoka kwenye tozo ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ndani, karibu na mlango wa kanisa, yapo makaburi ya Vasco da Gama na mshairi Luís de Camões. Mzee mmoja kati yetu alikuwa ameandaa maneno ya kusema mbele ya kaburi la da Gama. Hakutaka kutuambia ni maneno gani, na mpaka leo hajasema.

Kutoka hapo tukapelekwa kwenye mnara wa ukumbusho wa mabaharia kando ya mto Tagus, ule wa umbo la merikebu uliojengwa mwaka 1960. Hapo mwongoza watalii akatoa mhadhara. Alisema pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vijiji vya wavuvi hadi Wareno walipoleta ujenzi wa mawe. Ndugu Meneja, aliwaambia hivyo walimu wa historia kutoka Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 167 kabla ya da Gama kuiona Mombasa, akausifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Msikiti Mkuu ulikuwa umesimama kwa karne kadhaa. Husuni Kubwa, jumba la sultani, ilikuwa imejengwa. Masultani walikuwa wakifua sarafu zao wenyewe na kusimamia biashara ya dhahabu ya Sofala, na bila biashara hiyo Wareno wasingekuwa na kodi ya kudai. Kama alitaka kutaja mawe waliyoyapanga Wareno pwani kwetu, angetaja Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na angemalizia kwa kusema Waomani waliichukua mwaka 1698. Tulipomsahihisha alicheka akasema hivyo ndivyo alivyopewa katika maelezo ya kampuni. Kama ni kweli, maelezo hayo ni yenu, na nataka kujua nani aliyaandika.

Baada ya mhadhara tulipangwa kwenye foleni ya vikeki vya krimu ya mayai, katika duka la Belém ambalo limekuwa likivioka tangu mwaka 1837. Vitamu, sikatai. Kisha tukapelekwa kwenye duka la bidhaa za koki: mikoba ya koki, kofia za koki, viatu vya koki. Huko tulikaa kuliko mahali pengine popote siku ile. Koki ni zao kubwa la Ureno na sina ugomvi nalo, ila hakuna mstaafu wa Kilwa aliyechanga fedha kwenda Ulaya kununua mkoba wa magome ya mti. Kama mwongozaji hupewa chochote na duka lile kwa kila kundi analoingiza, tungependa kuambiwa.

Sisi wenyewe ndio tuliolazimisha basi litufikishe Rua das Janelas Verdes, yalipo makumbusho. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi alitusikiliza kwa upole, akaonyesha kibao cha saa za kufungua, akatuambia turudi kesho yake. Kesho yake alfajiri tulikuwa uwanja wa ndege.

Kinachouma zaidi ni kwamba haikuhitaji hata senti moja ya ziada kulizuia. Jumapili, siku ambayo monasteri na makumbusho vilikuwa wazi, mlitupeleka mtaa wa kale wa Alfama, kwenye Ngome ya São Jorge na katika mitaa ya Baixa, katikati ya jiji. Siku hiyo hatuilalamikii kwa yaliyomo. Mama aliyetutembeza Jumapili alikuwa hodari, alitueleza tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 hatua kwa hatua: kanisa zilizojaa watu wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto, na jinsi Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, alivyoijenga upya Baixa kwa mitaa iliyonyooka. Alituonyesha kutoka mbali magofu ya kanisa la Carmo yaliyoachwa bila paa tangu siku ile. Lakini vichochoro vya Alfama havina geti wala saa za kufungua, na ngome hupokea wageni kila siku. Mngebadilisha siku hizi mbili tu, Jumapili iwe Belém na Jumatatu iwe Alfama, nisingekuwa naandika barua hii. (Hoteli ya mlimani isiyo na lifti, kwa watu wa umri wetu, naiacha. Na tiketi za tramu namba 28 mlizosema zimo kwenye bei kisha tukazilipia wenyewe, nazo nimeziambatisha tu.)

Tulipopiga simu ofisini kwenu siku ile ile, tulijibiwa kuwa kipeperushi kinasema "ratiba inaweza kubadilika". Ratiba haikubadilika. Ilifuatwa kama ilivyochapwa, na ndiyo shida yetu. Kifungu hicho kinaweza kuwakinga na mgomo au hali ya hewa. Hakiwezi kuwakinga na Jumatatu.

Wiki mbili baadaye tukapokea barua pepe ya kutupa pole pamoja na punguzo la asilimia 10 kwa safari ya Dubai. Tumelikataa kwa pamoja. Wengi wetu tumeshapita miaka 65, na viza ya Schengen mnajua inavyopatikana. Hatuna safari nyingine ya Ulaya ya kutumia punguzo lolote.

Tunachodai ni hiki. Mrejeshe kwa kila mmoja wetu bei ya siku ya Belém kama ilivyoandikwa peke yake kwenye risiti zetu, euro 85, pamoja na nauli za tramu. Mhamishe siku ya Belém kutoka Jumatatu kabla hamjaiuza kwa mtu mwingine, au mwondoe picha ya Custódia kwenye jalada. Na yale maelezo mnayowapa waongoza watalii kuhusu pwani yetu mtuletee nakala. Tutayasahihisha bure, kazi hiyo tunaiweza.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na kipeperushi chenu na picha tuliyopiga getini ikionyesha kibao cha saa za kufungua. Tafadhali msijibu kwa simu, maana mara ya mwisho kila aliyepokea alituambia anayehusika ametoka.

Wako,

Katibu,
Kwa niaba ya walimu wastaafu waliosafiri

Viambatisho: nakala za risiti, kipeperushi, ratiba iliyosainiwa, tiketi za tramu, picha ya getini.