Barua ya wazi kwa Shangazi: mtoto wa huyo binti hatutamchukua hivyo

Shikamoo Shangazi,

Simu yako ya Jumapili imenikalia moyoni wiki nzima. Najua ulipiga kwa mapenzi. Umesikia tunangoja mtoto wa pili wa kuasili, yaani wa kumchukua kisheria awe wetu kama tulivyomchukua wa kwanza, na kungoja kwenyewe hakuishi, na huko kwenu umepata habari za binti mwenye mimba ambaye anasema hataweza kulea. Ukaona Mungu amefungua mlango. Ukasema tuje akishajifungua, tuelewane naye, turudi Nairobi na mtoto wetu, na mambo ya mahakama yatafuata polepole.

Nilikuomba nizungumze kwanza na mume wangu. Tumezungumza, na jibu letu ni hapana. Nakuandikia hadharani, bila jina lako, bila jina la kijiji, bila lolote la kumtambulisha huyo binti, kwa sababu pendekezo kama hili tumeletewa na wengine pia, wote watu wema. Najua kuna mke na mume wengine hapa mjini wanaoletewa neno hilo hilo na hawajui wajibu nini.

Lakini uliniuliza pia habari za mjukuu wako nikakujibu juu juu. Acha nianze na huyo.

Ana miaka miwili na nusu sasa, na kila kitu ni "mimi mwenyewe". Viatu mwenyewe, kijiko mwenyewe, ngazi mwenyewe, nasi tunakaa ghorofa ya nne. Asubuhi ukimbeba ili muwahi matatu, analia mpaka umshushe, kisha anapanda tena hadi mlangoni kuanza upya. Uji wa wimbi anaunywa akiupuliza yeye, na sehemu kubwa huishia kwenye mkono wa sweta. Siku za mgao, maji yakija usiku na ploti nzima ikiamka kujaza mitungi, naye huamka. Anachukua kikombe chake cha plastiki anajaza ndoo pamoja nasi, kikombe kwa kikombe, na hatuthubutu kumwambia kwamba imejaa. Jioni tukishuka kwa mama mboga lazima apewe nyanya moja ya kushika. Haili. Anaibeba hadi nyumbani, anaiweka kwenye kapu, anasubiri makofi. Tunampigia.

Usiku huamka akalia kwa sauti ya kuamsha majirani, na hili ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote, kwa sababu ulisema mtoto wa siku moja ndiye anayekuwa wako kabisa. Huyu alikuja kwetu akiwa na miezi tisa. Wiki za kwanza hakuwa akilia akiamka. Niliingia chumbani nikamkuta macho wazi, kimya, anatazama dari. Wageni walitupongeza kwa kupata mtoto mpole. Sisi upole ule ulituumiza. Makao ya watoto aliyotoka yalikuwa safi na akina mama wa pale walimpenda, ila wao walikuwa wachache na watoto walikuwa wengi, na mtoto katika hali hiyo hujifunza mapema kwamba kulia hakuleti mtu. Ilibidi ajifunze upya kwamba kunaleta. Usiku alioanza kulia, mume wangu alifika kitandani kwake kabla mimi sijapata taa, na tulikaa naye sakafuni mpaka kukapambazuka kwa furaha tuliyokuwa nayo. Mpaka leo akiita tunaenda, hata kama anachotaka ni kuhakikisha tu kwamba tupo. Kwa hiyo sikubali kwamba miezi ile tisa ilimfanya awe wetu nusu nusu.

Sheria ilitusaidia hapo. Tangu 2021 Sheria ya Ajira inampa mwajiriwa anayekabidhiwa mtoto wa kuasili likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku anapokabidhiwa. Unamwandikia mwajiri angalau siku 14 kabla, ukiambatanisha karatasi za shirika linalosimamia kuasili. Mwezi ule nilimbeba, nikamlaza kifuani, nikamwacha anizoee. Naushukuru, na bado nasema ni mfupi mno. Mama aliyejifungua hupewa miezi mitatu, na anaistahili. Mtoto anayefika mlangoni akiwa hajui sauti yako wala harufu yako anahitaji muda usiopungua huo. Bunge likiirudia sheria hii, naomba lianzie hapo.

Kliniki nako tumezoea. Kile kijitabu cha mama na mtoto kina kurasa za mwanzo za ujauzito na kujifungua, na chetu hizo ni tupu. Muuguzi mgeni akikifungua huuliza: alizaliwa na kilo ngapi, alizaliwa wapi? Namwambia hatujui, huyu ni mwanetu wa kuasili. Nasema kwa sauti ya kawaida mbele ya mtoto mwenyewe, maana sitaki siku moja alisikie neno hilo likinong'onwa. Nyumbani tunamsimulia tukimwogesha: ulikaa kwenye tumbo la mama mwingine, ukazaliwa, ukatunzwa na akina mama wengi, kisha sisi tukaja kukuchukua. Kwa sasa huuliza swali moja tu: "Nililia?" Tunamweleza kweli ilivyokuwa.

Sasa kuhusu huku kungoja.

Hatukupanga kumwambia mapema, lakini watoto wa ploti walisikia watu wazima wakizungumza, naye akayapata kwao. Siku hizi anatangaza dukani, ngazini, kwa bodaboda: "Mtoto anakuja kwetu." Mama mboga hunitazama tumboni. Mlinzi aliniuliza ni mwezi wa ngapi. Nawaeleza wote kwa ufupi, na wengi hunibariki. Kigumu ni kumweleza yeye kwamba mtoto huyo hana siku. Mwenye mimba hujua walau mwezi. Sisi simu yenye namba ngeni ikilia tunaruka, kumbe ni mtu wa kuleta gesi.

Usidhani kwamba kwa kuwa tuliasili mara moja tulipewa njia fupi. Tulianza faili upya: cheti cha tabia njema cha polisi, vipimo vya hospitali, taarifa za benki, cheti cha ndoa, barua za watu wanaotufahamu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani, akaangalia atakapolala mtoto, akaketi sakafuni na mjukuu wako wakacheza kwa muda mrefu, maana safari hii naye ni sehemu ya uchunguzi. Uliingiwa na wasiwasi kuhusu umri wangu. Sheria inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefikia 65. Sisi tuko ndani ya mpaka. Kamati ya shirika imeshatupitisha. Tukikabidhiwa mtoto tutakaa naye miezi mitatu mfululizo ndipo tuombe Mahakama Kuu, mahakama iteue mtu wa kusimamia masilahi yake, na mwisho jaji atoe amri, jina liingie kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa. Jirani yetu Mwislamu amechagua kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kwa jina. Mtoto analelewa nyumbani kwake na nasaba yake inabaki. Anasema nao pia wanasubiri.

Ukaniuliza, na ulikuwa na uchungu: makao si yamejaa watoto, wanawazuilia nini?

Wengi wa watoto walio makaoni wana mzazi au ndugu aliye hai, Shangazi. Kilichowapeleka pale ni umaskini, au ugonjwa, au shule, au ugomvi wa nyumbani. Wale si watoto wa kuasiliwa. Wale wanahitaji kurudishwa kwao, na mzazi asaidiwe. Ndiyo maana serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Mtoto aliyeokotwa naye hutafutiwa watu wake kwanza. Polisi wanaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, wanafuatilia, wanatoa barua. Ni hapo tu wakishindwa ndipo anaweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Sikatai kwamba kuna faili linalolala mezani kwa mtu bila sababu, na hilo linanikasirisha, maana mtoto anakua huku karatasi imetulia. Lakini sehemu kubwa ya muda huu ni muda wa kumtafuta mama wa mtu, shangazi wa mtu. Nikiomba ufupishwe, naomba wasitafutwe vizuri.

Jinsi mjukuu wako alivyofika makaoni ni habari yake mwenyewe, ataisimulia akipenda. Ninachoweza kusema ni kwamba katika faili lake mna karatasi zinazoonyesha kwamba watu wake walitafutwa. Nimezihifadhi zote kwenye bahasha. Siku atakayoniuliza kama kuna aliyemtafuta mama yake kabla hatujamchukua, na ataniuliza, nitamfungulia bahasha. Mdogo wake nitamfungulia nini, tukimchukua unavyosema?

Sasa huyo binti. Kwa sheria ya Kenya mtoto hawezi kuasiliwa kabla hajatimiza wiki sita, na mama haruhusiwi kutoa ridhaa kabla ya hapo. Nadhani wewe uliyezaa unaielewa sababu kuliko mimi. Anachosema leo akiwa na hofu, tumbo likiwa kubwa na aliyempa mimba haonekani, si lazima kiwe ndicho atakachosema akishampakata. Tukiwa tumekaa hapo sebuleni kwako, watu wa Nairobi na gari na mifuko ya nguo za mtoto, atawezaje kubadili mawazo? Atatuonea haya. Atakuonea haya wewe, mama mkubwa wa kanisa. Atampeana kwa adabu. Sitaki mtoto aliyepeanwa kwa adabu.

Tena kuna pesa. Uliniambia tumtumie "kitu kidogo cha kujikimu". Sheria inakataza kutoa au kupokea malipo kwa ajili ya kuasili mtoto, na mimi hata nauli ya kliniki siwezi kumtumia, ingawa mkono unaniwasha, kwa sababu nikishatuma na huku nangoja mtoto, hakuna atakayeweza kutenganisha nauli na bei. Novemba 2020 BBC Africa Eye walionyesha jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakiibwa na kuuzwa hapa hapa Nairobi. Wanunuzi wanataka watoto, na hilo ndilo linaloendesha biashara yote. Mama aliyenyang'anywa mtoto wake anatembea barabara hizi hizi ninazopita na wangu mgongoni. Mimi na yeye tusije tukawa pande mbili za jambo hilo.

Kwa hiyo nakuomba mambo haya. Mtafute huyo binti, na usimtajie habari zetu hata kidogo. Muulize anakula nini, kama amekwenda kliniki, kama mama yake anajua. Chama chenu cha akina mama kimechangia mazishi na harusi. Kichangie na huyu, chakula na nguo za mtoto, bila kumwuliza ataamua nini. Mpelekeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, na kama ana hofu ya kwenda, namba 116 ni ya bure, mchana na usiku, nchi nzima. Akitaka kulea, awe na watu. Akifika wiki sita bado anasema hawezi, shirika litazungumza naye, litaandika, na mtoto atapelekwa kwa familia iliyopitishwa. Si lazima iwe yetu, na tusiulizie.

Jambo la mwisho ni letu sisi. Huenda mfanyakazi wa ustawi akakupigia simu, maana tulikuandika kati ya ndugu wa karibu. Akikuuliza familia inawaonaje watoto hawa, mjibu unavyojisikia kweli, hata hilo la mtoto wa siku moja. Mwambie pia kwamba ni wewe uliyesafiri usiku kucha kwa basi kuja kumwona mjukuu wako wiki aliyofika. Hilo asipoambiwa na wewe nitamwambia mimi.

Nitakupigia Jumamosi kabla hajalala. Siku hizi kwenye simu hasemi, anataka kuimbiwa, kwa hiyo andaa wimbo.

Mwanao wa Nairobi.